Tupeane uzoefu: kadi yako ya chanjo ya utotoni inasemaje?

Mkunjo Wanne: Wakuu, nimepekua sanduku la mama nikakuta kadi yangu ya kliniki, ya mwaka 1985. BCG (ya kifua kikuu) ipo, DPT (ya dondakoo, kifaduro na pepopunda) na polio zote tatu zipo, ila kwenye surua pako peupe. Na surua niliugua kweli, nusura nipoteze macho. WHO ilipoanzisha mpango wa chanjo kwa watoto wote mwaka 1974, katika nchi zinazoendelea hawakufika watoto 5 kati ya 100 waliokuwa wanachanjwa. Baadaye likawekwa lengo la kufikia 80 ifikapo 1990. Sisi tumezaliwa katikati ya mbio hizo. Nanyi leteni visa.

Bibi Mapacha: Kadi sina mjukuu wangu, nina makovu. Moja la BCG, jingine la ndui. Wanangu la ndui hawana, maana ugonjwa ulitangazwa kutokomezwa 1980. Hilo kovu ndiyo kadi yangu.

Nesi Mstaafu: Kila mwezi tulikuwa tunachora mstari wa watoto waliochanjwa kwenye grafu ya ukutani. Mwaka mmoja kituo chetu kikafika 112%, tukapongezwa! Hebu fikirini, unachanjaje watoto kuliko waliopo? Makadirio ya watoto yalitoka kwenye sensa iliyochakaa, na kina mama wa kata jirani walikuwa wanakuja kwetu. Wapimaji wa nyumba kwa nyumba walipopita wakiomba kadi, tukanywea. Tangu hapo nikiona asilimia nauliza kwanza: imegawanywa kwa watoto wangapi? Halafu natazama penta (sindano ya magonjwa matano kwa pamoja, DPT ikiwemo) ya kwanza na ya tatu. Pengo lililopo hapo ni watoto waliokuja wakatupotea.

Mama Tisa Miezi: Wangu hajapotea, anarudishwa! Mara mbili nimempeleka surua naambiwa "watoto hawajatosha, njoo wiki ijayo". Nimeacha kibarua siku mbili nzima. Ndiyo nini hiyo?

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Chupa ya surua mara nyingi ina dozi 10, na ikishachanganywa haivuki masaa 6, inayobaki inamwagwa. Nesi anaogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagika. Lakini mwongozo wa WHO ni kufungua hata kwa mtoto mmoja. Nakiri, na mimi nimewahi kurudisha mama. Mwingine hakurudi tena.

Baba Wawili: Kwangu pengo lilikuja na korona. Wa kwanza, wa 2018, kadi imejaa. Wa pili kazaliwa 2020, tukajifungia ndani, penta ya tatu akaipata kwa kuchelewa mno. Nilidhani ni uzembe wangu peke yangu, kumbe dunia nzima dozi ya tatu ya DPT, ile iliyomo kwenye penta, ilishuka kutoka 86% mwaka 2019 hadi 81% mwaka 2021.

Mkunjo Wanne: Na surua haina subira, inataka 95% wapate dozi zote mbili ndipo isisambae. Mama Tisa Miezi, rudi tena, uwaambie wafungue.

Mama Tisa Miezi: Nimetoka huko sasa hivi. Tulikuwa wanne. Nesi akatuhesabu, akanyamaza, nikamwambia maneno ya Nesi Mstaafu. Akafungua chupa. Mtoto kalia kidogo, sasa kalala.