Vishimo vya mapajani: skrabu ya kahawa, masaji, jimu au kliniki?

BintiMbagala: Wapendwa, kwa selulaiti, yaani vishimo vya ngozi, ya mapaja na makalio, kipi kinastahili hela?

Ngozi_Upanga: Dada, anzia kwenye chanzo. Chini ya ngozi kuna nyuzi zinazoishikilia kwenye tabaka la ndani. Kwa wanawake nyingi zimesimama wima. Mafuta yanasukuma juu katikati yake, zenyewe zinavuta chini, panabonyea kama godoro lililoshonwa vifungo. Za wanaume hupishana kama mkeka, ndiyo maana kwao ni nadra. Homoni na urithi vinachangia, hivyo hata mwembamba anavyo. Si ugonjwa, wala si "sumu mwilini".

Jipime: simama dirishani, mwanga utoke ubavuni. Vikionekana ukibana ngozi tu, ni hatua ya 1. Ukisimama vipo, ukilala vinapotea, ya 2. Vikibaki hata umelala, ya 3.

Farmasi_Ilala: Skrabu ya kahawa acha. Kafeini ya kwenye krimu hupunguza maji ya ngozi kwa muda mfupi tu, na punje ukizisugua kwa nguvu zinachubua; ngozi yetu ikichubuka inabaki na doa jeusi. Retinoli (vitamini A ya kupaka) ya 0.3% kila usiku, miezi 6, huipa ngozi unene kidogo. Mjamzito asiguse. Na tafadhali, mkorogo! Ukiwa na clobetasol (steroidi kali) unaifanya ngozi kuwa nyembamba, vishimo vinatokeza zaidi na michirizi juu yake.

Kocha_Sinza: Mimi naanza na jimu. Kuchuchumaa na uzito begani, seti 3 za mara 8–12, siku 3 kwa wiki, uzito ukipanda taratibu. Linganisha picha baada ya wiki 12, mwanga uleule. Usikimbilie kukonda ghafla, ngozi italegea.

Ngozi_Upanga: Sawa kocha, ila msuli haukati nyuzi. Masaji nayo hushusha uvimbe kwa muda. Ukishindiliwa hadi damu ivilie, umelipia madoa. Kwa vishimo vichache vya duara, chenye nguvu ni daktari kukata nyuzi kwa sindano chini ya ganzi. Kufyonza mafuta kunaweza kuongeza mabonde. Sindano ya QWO, ya kuyeyusha nyuzi hizo, iliruhusiwa Marekani 2020, Desemba 2022 mtengenezaji akatangaza kuiacha: damu kuvilia na ngozi kubadilika rangi. Ukiuziwa leo, kataa.

BintiMbagala: Na hatua ya 2 yenye ngozi iliyolegea?

Ngozi_Upanga: Hapo kukata nyuzi hakufai sana. Fuata ya kocha, na retinoli kama huna mimba.