Nipo Kollam India kikazi, Jumapili nina nafasi ila moyo uko Mtwara. Nyie mnafanyaje?

KucheleMtwara

Habari za sahizi wadau wa kusini. Nipo huku Kollam, jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India, kampuni imenileta kujifunza mashine za kubangua na kupanga madaraja ya korosho. Huku ndio mji wa korosho wenyewe, mpaka makao ya lile baraza la India la kukuza mauzo ya korosho nje yako hapa hapa. Kazi inaenda vizuri, wenyeji watu wa heshima, chumba safi, chakula kipo. Viwandani wengi ni akina mama, wamekaa wanamenya maganda na kuchambua, na ghalani kuna magunia yametoka kwetu, nikiyaona nahisi kama nimekutana na mtu wa kijijini.

Shida yangu ni jioni na Jumapili. Wenzangu wa kiwandani wananiambia twende ziwani, twende tukale samaki, na nikienda nafurahi kwelikweli, ila katikati ya ile furaha nakumbuka kwetu sahizi ni msimu, mama yuko Newala anaokota korosho na mgongo wake unaomsumbua, mke wangu yuko Mtwara mjini peke yake na watoto na biashara, halafu mimi nimekaa napigwa upepo na posho nalipwa. Basi utamu wote unakata, naaga mapema narudi chumbani.

Halafu kuna hili la saa. Huku tumewatangulia kwa saa mbili na nusu. Nikitoka kazini saa 12 jioni, Mtwara ni saa 9 na nusu alasiri, mke yuko sokoni hana hata mkono wa kushika simu. Wakishakula wametulia saa 2 usiku, huku ni saa 4 na nusu, mimi nasinzia simu ikiwa sikioni.

Waliowahi kusafiri kikazi naomba mniambie, mnastarehe vipi mkiwa mbali bila kujisikia mnawakosea wa nyumbani? Na kama kuna aliyefika Kollam anitajie sehemu za kwenda, nimebakiza wiki chache na sitaki niondoke nikiwa najua njia ya kiwandani tu.

---

Mbanguaji_Mkongwe

Kaka hongera kwa kufika. Mimi nilishakaa hapo Kollam kwa kazi hizi hizi za korosho, na nakwambia usilale chumbani Jumapili.

Kwanza nenda Munroe Island. Kuna mto unaitwa Kallada unamwaga maji yake kwenye ziwa la Ashtamudi, pale ndio pana visiwa na mifereji myembamba inapita katikati ya nyumba za watu, mnakaa kwenye mtumbwi mzee anausukuma kwa upondo taratibu, hamna injini, mnainamisha vichwa mkipita chini ya madaraja. Minazi kila upande. Na utakuta wameloweka makumbi wapate usumba wa kusokota kamba, kazi ile ile ya mama zetu wa pwani, mimi nilimwomba mwenye mtumbwi asimame nikashuka nikaenda kuangalia wanavyosokota, na wale akina mama walifurahi sana nilipowaonyesha kwa mikono kwamba na sisi tunasokota. Nenda asubuhi na mapema, kukipambazuka uwe umeshapanda, maana miezi hii ya Oktoba na Novemba Kerala wana mvua zao za pili, zinapiga mchana kuelekea jioni na radi kali sana, ziwani si pa kukaa.

Pili Tangasseri, hapo hapo mjini. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1902, urefu mita 41, umepakwa mistari ya nyekundu na nyeupe, wanaruhusu watu kupanda, ukifika juu unaona bahari ya Hindi yote ilivyolala na bandari ya wavuvi chini yako. Pembeni kuna mabaki ya ngome ya Wareno. Ufukwe mkubwa wa Kollam tembea, kula upepo, kula karanga, ila USIOGELEE kaka, nakuomba. Pale kina kinashuka ghafla na mawimbi yanavuta, watu wamepotea. Sisi tumezoea Shangani maji yakikupwa unatembea mpaka unachoka, kule bahari haitoki, maji kujaa na kupwa tofauti yake ni kama mita moja tu wakati kwetu maji makubwa ya bamvua yanapita mita tatu. Mimi hicho ndicho nilichokikumbuka kuliko vyote, kuona bahari asubuhi na jioni iko pale pale, hamna mtu anayeshuka kuokota chaza.

Halafu chakula, usile cha gesti tu. Waambie wenzako wakupeleke kula kappa. Ni muhogo kaka, muhogo wa kuchemsha wanauponda na nazi na bizari ya manjano, unakuja na mchuzi wa samaki mwekundu wenye pilipili, wanatia tunda fulani kavu chachu linaitwa kudampuli. Kule muhogo una heshima yake, mfalme mmoja wa Travancore, ufalme wa zamani wa huko huko, miaka ya 1880 ndiye aliyehimiza watu waulime ili njaa isiwamalize, mpaka leo wanaula kwa mapenzi. Siku nilipoletewa ile sahani nilikula kimya, jamaa zangu wakadhani sijakipenda, nikawaambia hiki kwetu tunakula na kisamvu, wakataka niwaeleze kisamvu kinapikwaje, tukaongea mpaka duka linafungwa. Tokea hapo nikawa na watu wa kuongea nao habari za kwetu, na ile kukumbuka nyumbani ikapata pa kutokea. Ukijifungia na mawazo yako chumbani ndio yanakumaliza.

---

BintiMikindani

Shemeji habari ya huko. Mimi nakujibu kama mke maana mume wangu ni baharia, akiondoka ni miezi.

Nikwambie ukweli, sisi tuliobaki hatuombei mkae huko mnanuna. Mimi kinachoniuma si yeye kwenda kutembea. Kinachoniuma ni nikimuuliza leo umeshindaje ananijibu "nipo tu", halafu baadae naona picha kwenye stetasi ya mwenzake wako ufukweni wanacheka. Hapo ndio najiuliza kwa nini mimi hajaniambia, amefikiri nitamnyima? Tulikaa tukaliongea hilo na sasa akifika bandari yoyote ananirekodia sauti palepale alipo, sokoni, kwenye basi, anaelezea anachokiona, mimi nasikiliza nikimaliza shughuli zangu, watoto wananizunguka wanataka irudiwe. Kuna sauti aliituma kuna kengele na watu wanauza samaki kwa lugha yao, mwanangu mdogo alitembea nayo wiki nzima anaigiza. Kwa hiyo ukienda huko kwenye mtumbwi usiende na siri, nenda na familia kwenye simu, raha ni yao pia.

Na hili la saa mbona lipo wazi shem. Watoto wanaamka saa 12 asubuhi kujiandaa na shule, wewe huko inakuwa saa 2 na nusu asubuhi umeshaoga. Kama kazini mnaingia saa 3 basi hapo ndio pa kuongea, dakika kumi zinatosha, wanakuona kabla hawajavaa viatu, wewe unaingia kazini moyo mweupe. Mambo ya usiku wa manane mwachie mkeo Jumamosi, siku ambayo kesho yake hamna anayeamka.

Ila mpe pole ya maneno pia. Mwambie najua umebeba nyumba peke yako. Neno hilo tukilisikia linatushusha mzigo, wala si zawadi.

---

Nachingwea_Ruangwa

Mimi mtazamo wangu tofauti kidogo na mtanisamehe. Safari ya kikazi ni nafasi ya kuingiza kitu, sio kutembea. Posho ile ukiitunza unarudi na bati za nyumba. Huku nyumbani mwenye shamba anajua msimu unavyokula hela kabla haujaleta, kulipa vibarua, magunia, kusomba kupeleka ghala la chama, halafu unasubiri mnada. Sasa mwenzetu anasema mama anaokota mwenyewe na mgongo unauma. Ndugu yangu tuma hela ya vibarua wawili watatu waokote, mama akae kivulini asimamie. Ukishafanya hivyo utaona hata huo mtumbwi unaupanda kwa amani. Mawazo yako mengi naona yanatokea kwenye mgongo wa mama, hayatokani na Kollam.

---

BintiMikindani

Nachingwea hapo kwa mama umesema la maana na ningeanza na hilo. Ila kutunza posho yote mtu asile hata samaki sikubaliani na wewe kaka yangu, mtu huyu amefanya kazi wiki nzima kwenye kelele za mashine na lugha ya watu. Mtumbwi wakichangia wanne si hela ya bati.

---

MzeeWaKilwa

Mwanangu salaam. Nimesoma maneno yako nikaona nikupe habari moja ya zamani maana sisi Kilwa habari hizi tumekulia.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja huko Moroko, alifika kwetu Kilwa mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Miaka kumi na kitu baadae akafika hapo hapo ulipo wewe, wao wakati ule waliandika Kulam. Na hakufika kwa starehe. Alikuwa ametumwa na Sultani wa Delhi kupeleka zawadi China, yaani na yeye alikuwa safari ya kikazi, tufani ikavunja jahazi kule Kalikati (Calicut), bandari ya kaskazini mwa hapo ulipo, jahazi jingine lililobeba vitu vyake likaondoka bila yeye, ndio akashuka kwa njia ya maji siku kumi kulifuata Kollam akitumaini kulikuta. Hakulikuta. Mtu yuko kwenye hali hiyo, na bado alitazama mji akaona masoko yake mazuri, akaona utajiri wa wafanyabiashara wake, akayasimulia. Nyumbani kwake aliondoka akiwa kijana wa miaka 21 na kuwaacha wazazi kulimuuma.

Nakwambia hivi kwa sababu njia uliyopita si ngeni kwa watu wa pwani yetu. Wazee walikwenda Malabari, yaani pwani hiyo hiyo uliyopo, kwa pepo za kaskazi na kusi, wakingoja upepo ugeuke miezi na miezi, na ile miezi ya kungoja hawakuilalia. Walioana huko, walisali huko, walijifunza kupika huko. Ijumaa tafuta msikiti kama wewe ni mwislamu, Kollam waislamu wapo tangu kale, watu wa saf moja hawawi wageni muda mrefu. Kama ni mkristo makanisa ni mengi na ya zamani sana. Mahekalu ya Wahindu uliza kwanza mlangoni, mengine hawaingizi asiye wa dini yao, na mengine mwanamume anaingia bila shati. Heshimu tu utaratibu wao.

---

KucheleMtwara

Ndugu zangu nimesoma yote na nimeyarudia. Mzee wangu wa Kilwa shikamoo, hiyo habari nimemsimulia msimamizi wangu hapa, kumbe ya huyo msafiri kufika Kollam anaijua ila ya Kilwa hakuwahi kuisikia, ameniomba nimwonyeshe picha za magofu, nimemwonyesha msikiti mkuu wa Kisiwani na Songo Mnara, amekaa anaziangalia mpaka chai imepoa.

Nachingwea nimetuma hela Newala kwa mdogo wangu, vibarua wameanza. Mama mwenyewe alikataa kwanza, anasema korosho zake anazijua mwenyewe, ila mdogo wangu kamwambia wewe kaa hapa uhesabu madebe, hapo akakubali. Nilipompigia hata habari za mgongo hakuzitaja, aliniuliza hao watu wa huko mabibo, yale matunda ya mkorosho, wanayafanyia nini. Nikamwambia wenzangu wananiambia mengi yanaozea shambani, Goa ndio wanatengenezea pombe. Alisikitika sana, akasema waje tuwaonyeshe kuyakausha.

Dada wa Mikindani hiyo ya saa 12 asubuhi imekubali. Leo nimeongea na watoto wakiwa wanavaa sare, mdogo kaniuliza kama huku kuna ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, nikamwambia sijaiona ila muhogo upo. Mke wangu nilimweleza kila kitu, hata ile kwamba narudi chumbani mapema kwa mawazo, akaniambia mbona unajitesa, nenda halafu unirekodie. Jumapili tunaenda Munroe na jamaa wawili wa kitengo cha madaraja, alfajiri kabisa.

Kingine Mbanguaji, naona wanaume huku wanavaa ile nguo nyeupe inafungwa kiunoni, wanaikunja mpaka magotini wakitembea, nimeipenda, nataka nimchukulie baba mkwe, yeye nyumbani ni mtu wa msuli muda wote. Nachukua ipi?

---

Mbanguaji_Mkongwe

Inaitwa mundu. Kuna ya kipande kimoja na kuna ya kukunja mara mbili ambayo ni kama mita nne, mzee mchukulie hiyo ya kukunja mara mbili ya pamba, ile ya kipande kimoja ni nyepesi, inaonyesha mwili akisimama juani. Angalia pindo, yenye pindo la dhahabu ni ya sherehe, yenye pindo la rangi ya kawaida ndio ya kuvaa siku zote. Usinunue kwenye maduka ya watalii, mwambie huyo msimamizi wako akupeleke anaponunua yeye.

Na kama utapata Jumapili nyingine panda treni ya kushuka kusini ushukie Varkala, si mbali, kama nusu saa hivi, kuna majabali mekundu yamesimama juu ya bahari na njia ya kutembea kwa juu, watu wanakaa pale kuangalia jua linazama baharini. Sisi Mtwara linatuchomozea baharini, hilo la kuzama huwa hatulipati. Tiketi kata stesheni, na ukifika usisahau kumrekodia mkeo.