Wakuu, AC moja ya sebuleni inaweza kupoza na vyumba? Au ninunue ndogo mbili?

BintiGoba

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nyumba ipo Goba, Dar. Ni ya bati, dari ya jipsam, madirisha ya alumini ya kusukuma. Sebule na sehemu ya kulia chakula zimeungana, mita 5 kwa 7. Chumba chetu ni mita 4 kwa 4.5 na kina ukuta unaotazama magharibi. Ukiugusa saa mbili usiku bado una moto. Chumba cha watoto ni 3.5 kwa 3.5. Kuanzia Desemba mpaka Machi hatulali. Feni inazungusha joto lile lile na mdogo anatoka vipele shingoni.

Nina kama milioni tatu na nusu, na nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu anataka AC moja ya BTU 24,000 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza) ikae sebuleni karibu na korido, usiku tuache milango wazi baridi itufuate. Shemeji anasema tuchukue ile ambayo mashine ya nje ni moja, ndani zinakuwa tatu. Mimi nafikiria ndogo mbili za vyumbani, sebule ibaki na feni yake. Muuzaji mmoja Kariakoo akaniongezea la nne: chumbani kwetu niweke 18,000 "ili kipoe haraka".

Jambo la pili: wazazi wapo Makambako. Mwezi wa sita na wa saba mama anasumbuliwa sana na viungo kwa ajili ya baridi. Nimesikia kuna AC zinazotoa joto. Ni kweli, au ndiyo maneno ya biashara?

Naogopa LUKU kuliko kitu chochote. Karibuni.

Chuma_Cha_Reli

Shemeji anachangia shilingi ngapi kwanza?

BintiGoba

Anachangia mawazo tu mkuu 😂

FundiBaridi

Dada, kazi yangu ni kufunga na kutengeneza AC hapa mjini, nitakwambia ninayoyaona kwenye nyumba za watu.

La mumeo: AC ya spliti, hii yenye mashine moja ndani ukutani na nyingine nje, haina bomba la kusambaza hewa vyumbani. Inapuliza inakoelekea na inavuta hewa ya pale pale ilipo, na kipima joto chake kimo ndani ya mashine yenyewe. Sebule ikifika 24 inajua kazi imeisha, inapunguza mwendo, wakati ninyi huko chumbani mko kwenye 29. Mtashusha rimoti mpaka 17 kuilazimisha, matokeo yake sebule isiyo na mtu inaganda, uniti zinayeyuka, na chumba bado. Usiku watu wanalala vyumbani, basi poza vyumba.

La shemeji linafaa kwenye ghorofa, mahali ambapo nje una kibaraza kidogo tu cha kuweka mashine moja. Wewe una nyumba yenye kuta zote wazi. Mfumo ule ni ghali, unataka fundi anayeujua, na mashine ya nje ikifa nyumba nzima imekosa AC. Ukiwa na mbili zinazojitegemea, moja ikiharibika mnahamia chumba kimoja mkisubiri fundi.

Sasa ukubwa. Kwa nyumba za bati za Dar huwa napigia BTU 600 hadi 700 kwa mita ya mraba. Chumba chenu ni mita 18, hivyo 12,000. Cha watoto ni mita 12 na kidogo, 9,000 inakitosha. Achana na 18,000 ya muuzaji. Hewa ya Dar ina maji mengi, na sehemu kubwa ya kazi ya AC ni kuyakamua. Maji yanatoka pale hewa inapopita kwenye koili ya baridi kwa muda mrefu. Mashine iliyozidi chumba inashusha joto kwa dakika chache inakata, maji yamebaki humo humo. Mnalala kwenye baridi yenye unyevu, shuka linanata, na baada ya miezi kadhaa nguo za kabatini zinanuka ukungu. Watu wanaita fundi, "gesi imeisha". Gesi ipo, ukubwa ndio haukupimwa.

Kabla ya kununua lakini, shughulikia chumba chenyewe. Juu ya hiyo jipsam kuna tanuri. Ukipata ile karatasi ya fedha ya kuzuia joto ikawekwa chini ya bati, na matundu ya hewa yakaachwa kwenye pembe za paa, utasikia tofauti hata kabla ya AC. Ukuta wa magharibi utafutie kivuli: mti, turubai, kibaraza, chochote. Na hayo madirisha ya kusukuma yana nafasi pembeni, weka brashi zake. Nimekuta chumba AC inahangaika kumbe upepo unaingia dirishani mpaka pazia linacheza.

Mzee_wa_Tabata

Fundi umesema vizuri, ila hujagusa inveta, zile AC zinazopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Kila duka sasa hivi wanaimba inveta, inveta. Mimi napinga kidogo. AC ya kawaida ikigoma, mara nyingi ni kapasita, fundi wa mtaani anabadilisha kwa hela ndogo mnaendelea na maisha. Bodi ya inveta ikiungua unaambiwa isubiriwe, na bei yake unaweza kulia. Umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo, bodi zitapona?

FundiBaridi

Hoja yako ina uzito, mzee wangu. Anayewasha kwa muda wa saa mbili tu jioni akitoka kazini, hata mimi namwambia achukue ya kawaida. Dada huyu analala nayo kwa saa nane nzima, hapo hesabu inageuka.

12,000 ya kawaida inavuta kama wati 1,100 kompresa ikiwaka. Kwa usiku mzima, tuseme inawaka theluthi mbili ya muda, ni uniti 6. Umeme wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inagonga kama 356. Kwa hiyo ni shilingi 2,100 kwa usiku. Inveta ya ukubwa huo huo ikishapoza chumba haizimi, inatembea polepole, na kama umeiweka 25 unaweza kumaliza usiku kwa uniti 4. Hiyo ni 1,400. Tofauti ya mia saba kwa usiku kwa miezi minne ya joto ni kama 84,000 kwa chumba kimoja. Linganisha na bei iliyozidi dukani, utaona mwaka wa ngapi inajilipa.

Ya watoto, 9,000 ya inveta, niweke uniti 3. Jumla uniti 7 kwa usiku, kama 75,000 kwa mwezi wa joto. Mwezi wa saba hutaiwasha kabisa. Hesabu hii ni ya 25 na feni ya polepole juu. Ukiweka 18 usinitafute.

Kuhusu bodi: weka kinga ya umeme, ile inayokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika tatu kabla ya kurudisha. Na kila AC iwe na waya wake kutoka kwenye meni swichi na breka yake. Usiruhusu mtu achomeke kwenye soketi ya pasi.

Nyika_ya_Mwambao

Salamu kutoka Nyali, Mombasa. Mie niongeze la chumvi. Goba ni mbali kidogo na bahari, lakini wenzako wa Mbezi Beach, Kunduchi na Kigamboni wakisoma wazingatie. Hapa kwetu mashine ya nje ikitazama baharini, mapezi yake ya alumini yanaliwa yakawa kama unga. Ulizeni zilizopakwa kinga, huwa mapezi yana rangi ya buluu au ya dhahabu, kisha mashine muifiche na upepo wa pwani. Kila baada ya miezi kadhaa muioshe kwa maji matamu, si kwa presha ya kuoshea gari, yale mapezi hulala.

Na mjusi kafiri! Huingia kwenye mashine ya nje kutafuta joto, akikanyaga bodi mahali pabaya anakufa yeye na bodi. Mwambieni fundi azibe matundu ya waya.

Dom_Kapitali

Kwa nini msinunue zile za maji? Mimi nipo Dodoma, naweka maji na barafu, inapuliza baridi safi, umeme inakula kama feni. Mnateseka bure.

FundiBaridi

Dodoma hewa ni kavu, maji yanakauka na kubeba joto. Dar hewa imeshashiba maji, ile mashine itaongeza unyevu tu na godoro litaota. Huko kwako endelea kufaidi mkuu, huku ni hasara.

BukavuMpakaMaine

Dada, hilo la Makambako niachie mimi. Nimetoka Bukavu, sasa naishi Portland, jimbo la Maine, Marekani, ambako theluji inakaa miezi. Huku mashine hizi hizi za ukutani, wanaziita pampu za joto, zinapasha nyumba nyingi. Zamani nyumba nyingi zilitegemea kuchoma mafuta. Jimbo liliweka lengo la kufunga pampu za joto 100,000 kufikia 2025, wakalivuka 2023.

Kwa hiyo si maneno ya biashara. Ndani kuna vali inayogeuza njia ya gesi: badala ya kuchukua joto la chumbani kulitupa nje, inachukua joto la nje kulileta ndani. Hata hewa unayoiona ya baridi ina joto lake. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kukuletea joto la uniti tatu hivi, wakati hita ya waya inakupa joto la uniti moja tu kwa kila uniti, basi. Hita ya wati 2,000 kwa saa nane inakula uniti 16. Joto hilo hilo kwa pampu ni uniti 5 au 6.

Ukiifunga kwa wazazi, elekeza mabawa yake chini, sababu hewa ya moto hupanda juu ikakaa darini. Asubuhi ya baridi kali mashine ya nje inaweza kuota barafu. Itaacha kupuliza joto dakika chache ijiyeyushe, na nje mtaona kama moshi. Ni mvuke. Waambie wazee wasimwite fundi.

BintiGoba

Asante sana kaka. Kwa hiyo naweza kununua mbili za Dar na moja ya mama hapo hapo Kariakoo?

FundiBaridi

Angalia hapo. AC nyingi zinazouzwa Dar ni za baridi tu. Usidanganywe na alama ya jua kwenye rimoti, kwa sababu kiwanda hutumia rimoti moja kwa aina zote mbili. Soma kibandiko cha ubavuni: iwe imeandikwa uwezo wa kupoza na uwezo wa kupasha, namba mbili tofauti. Ikiwa na moja tu, hiyo ni ya Dar. Makambako haihitaji zile za theluji anazotumia ndugu yetu. 9,000 ya kawaida yenye joto inatosha chumba cha wazee.

Mwl_Njombe

Naungana na hilo. Huku kwetu baridi ikibana watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Gesi ya sumu ya ule mkaa haina harufu, mtu analala haamki. Hata kama hela ya AC haijapatikana, dada, wapelekee wazee hita ya umeme na blanketi nzito, jiko libaki nje. Na kabla ya yote zibeni dari. Nyumba nyingi huku hazina dari kabisa, joto lote linatorokea juu kupitia bati.

Mzee_wa_Tabata

Fundi, mwambie na habari ya ufungaji, huko ndiko watu wanakoibiwa.

FundiBaridi

Kweli mzee. Siku ya kufunga simama pale pale. Mabomba yawe ya kopa (shaba), siyo alumini iliyopakwa rangi. Fundi aje na pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba, na aiache ifanye kazi robo saa au zaidi, mpaka geji ishuke na itulie hapo hata pampu ikizimwa. Wapo wanaofungua gesi kidogo "isukume hewa itoke". Mkatae, hewa na unyevu vinabaki ndani vinaua kompresa taratibu, na R32, gesi ya mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto. Ukiletewa mashine ya R22, iache huko huko dukani. Gesi hiyo inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal, na kadiri miaka inavyokwenda kuipata itakuwa shida.

Bomba la maji liwe na mteremko tangu ukutani, la sivyo rangi ya chumba itaharibika wiki ya kwanza. Halafu mtu akikwambia gesi inatakiwa kuongezwa kila mwaka, jua kuna mahali inavuja na hataki kupatafuta. Gesi haitumiki kama petroli. Kinachotakiwa kila wiki mbili ni wewe mwenyewe kufungua chujio la ndani na kuliosha kwa maji.

BintiGoba

Mume wangu amesoma uzi wote. Amekubali 12,000 na 9,000, zote inveta, sebule feni. Ameomba tu mashine ya nje isikae mbele ya nyumba, anasema inaharibu sura. Tumefikiria ukuta ule wa magharibi, upande wa nyuma, hauonekani.

FundiBaridi

Ukuta wa magharibi jua la jioni litaipiga usoni, na mashine ya nje ndiyo inayotakiwa kutupa joto. Kama hamna pengine, iwekeeni kofia ya bati juu, lakini mbele pasizibwe hata kidogo. Bora zaidi zungukeni kona upande wa kaskazini kama umbali hauzidi mita 5, maana zaidi ya hapo mnaanza kulipia bomba la ziada, na wakati mwingine gesi ya ziada. Ikae juu, na grili imara yenye nafasi pana. Wezi wa kopa wanaijua Goba vizuri.

Chuma_Cha_Reli

Fundi, Chanika unafika?

FundiBaridi

Nafika mkuu. Kapime chumba kwanza, urefu na upana, na uangalie jua linapiga upande gani, ndipo uje inboksi.