Tunalipa tozo ya Kampala–Entebbe, je, barabara ya zamani imeachiwa nani?

Wanajukwaa,

Tangu Januari 2022, tozo ilipoanza kukusanywa kwenye barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, nimevumilia nikidhani mambo yatarekebishwa kadiri siku zinavyokwenda. Hayajarekebishwa, na uvumilivu umenishinda. Wakati ule tuliambiwa kwamba asiyetaka kulipa, au asiye na uwezo wa kulipa, apite barabara ya zamani. Neno hilo ndilo lililotunyamazisha wengi, kwa sababu lilionekana la haki. Lakini barabara ya zamani imeachwa jinsi ilivyokuwa: nyembamba kwa sehemu kubwa, imejaa taksi, malori, boda boda na watembea kwa miguu, na foleni yake kuanzia Kajjansi hadi Kibuye inaweza kula nusu ya asubuhi ya mtu. Kumwelekeza raia huko na kumwambia kwamba hiyo ndiyo njia yake mbadala ni kumdharau.

Nieleze ninakosimama, ili mtu asidhani napinga barabara za kulipia. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki. Natoa sangara na sato Kasenyi, karibu na Entebbe, nawapeleka soko la Kalerwe, Kampala. Barafu haisubiri mtu, kwa hiyo barabara ya kasi ni mkombozi kwangu, na sioni haya kusema hivyo. Ukishapita lango la Mpala, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakufikisha kwenye daraja la Nambigirwa lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu, kinamasi kikiwa chini yako, bila tuta na bila gari kukukatia njia. Uwanja wa ndege wa Entebbe ndio mlango wa nchi hii kwa minofu ya samaki na maua yanayokwenda Ulaya, na mashamba ya maua ya Wakiso hayawezi kuishi kwa kubahatisha foleni. Uchumi unaihitaji barabara ile.

Sasa tazama kinachotokea ukifika Busega, barabara ya kasi inapoishia. Gari lililolipiwa linashuka na kuingia kwenye msongamano uleule tuliolipa ili kuukwepa, kwa sababu barabara zinazolipokea hazikupanuliwa kwa kiwango cha magari yanayomiminwa pale. Nimesimama hapo jua likiwaka, maji ya barafu yakichuruzika kutoka kwenye makreti hadi lami. Nikifika sokoni, mnunuzi hasemi neno. Anafunua shavu la samaki kwa kidole, anatazama matamvua, na yakiwa yamepoteza wekundu wake anataja bei yake, nami sina la kujibu. Gari dogo hulipa shilingi 5,000 kila linapopita, na malori makubwa hufikia shilingi 18,000. Mtu akitoa fedha hizo ananunua muda. Nani anawajibika kwa muda unaopotea mita chache baada ya barabara ya kulipia kuisha? Mwendeshaji wa barabara ya kulipia atasema eneo lake limeishia hapo, na aliyepanga kazi nzima hatujui tumtafute wapi.

Hata hivyo, mimi bado nina nafuu, kwa sababu naruhusiwa kupita. Linaloniudhi kuliko yote ni hali ya mwendesha boda boda na ya mama anayemtegemea. Pikipiki isiyofikia ukubwa wa injini wa cc 400 hairuhusiwi kwenye barabara ya kasi, na boda boda zetu karibu zote ziko mbali sana na ukubwa huo. Sipingi katazo lenyewe, maana kuchanganya boda boda na magari ya mwendo ule ni kutafuta vifo. Lakini katika mwalo, pale samaki wanapoteremshwa, kuna akina mama wanaonunua samaki wachache, wanawafunga kwenye kikapu nyuma ya boda boda na kuwapeleka Kajjansi au Zana kabla ya chakula cha mchana. Kwao hakuna suala la kuchagua kati ya kulipa na kutolipa. Barabara ya zamani ndiyo barabara yao pekee, na wanaipita wakiminywa kati ya lori na mtaro.

Na watu hao hao wanailipia barabara ya kasi. Ujenzi wake uligharimu dola milioni 476, na kati ya hizo milioni 350 zilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Deni la taifa halimuulizi mtu kama amewahi kupita Mpala. Tena kila lita ya petroli inayoingia kwenye tangi la boda boda hubeba ushuru wa zaidi ya shilingi 1,400, ushuru ambao siku zote tumeelezwa kwamba ni mchango wetu kwa barabara. Kwa hiyo yule aliyekatazwa kuikanyaga anaichangia kila anapojaza mafuta, na barabara anayoruhusiwa kupita haioni matunda ya mchango wake. Mtu anieleze haki iko wapi hapo.

Wapo watakaosema kwamba magari yanayohamia kwenye barabara ya kulipia yanaipunguzia mzigo ile ya zamani. Kwa nadharia ni kweli, na ilipofunguliwa Juni 2018 hadi tozo ilipoanza, miaka mitatu na nusu baadaye, tulipita bure, hata wenye vipato vidogo waliionja. Lakini taksi haiwezi kuteremsha abiria katikati ya barabara ya kasi. Soko la Kajjansi, maduka ya Bwebajja, shule na zahanati za huko zote ziko kando ya barabara ya zamani, na wilaya ya Wakiso inazidi kujengwa kila mwaka. Maisha ya jamii yako kule. Nafasi iliyoachwa na gari moja lililohamia hujazwa kabla vumbi halijatua.

Ninadai mambo yanayowezekana. Pale langoni ninapopewa risiti, kuwekwe bango linaloonyesha kila mwezi kiasi kilichokusanywa, kiasi alicholipwa mwendeshaji, kiasi kilichokwenda kwenye matengenezo na kiasi kilicholipia mkopo, kwa lugha ambazo madereva wanazisoma. Mamlaka ya barabara ya taifa, UNRA, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake zikahamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, hivyo kisingizio cha kurushiana mpira kati ya ofisi mbili hakipo tena. Sehemu ya tozo itengwe kisheria kwa ajili ya barabara ya zamani: mitaro, njia za waenda kwa miguu, vituo vya taksi vilivyo nje ya lami. Viwango navyo vitazamwe upya. Nairobi, barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 inatoza kwa umbali. Kwetu viwango vilivyotangazwa vinapanga magari kwa aina yake. Tanzania, watumiaji wa daraja la Kigamboni walipaza sauti hadi tozo ikapunguzwa mwaka 2022. Serikali ikitaka kusikia, inasikia.

Nayasema haya sasa kwa sababu barabara ya kasi ya Kampala–Jinja bado iko mezani, kilomita 77 pamoja na kipande cha kilomita 18 cha kuuzunguka mji wa Kampala upande wa kusini, na mpango wake ni wa kulipia kwa ubia na wawekezaji binafsi. Huko hatuzungumzii safari ya uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo njia ya mizigo mingi inayotoka Mombasa kupitia Malaba na Busia, mafuta, saruji, ngano, mitumba, na msafirishaji akitozwa ataihamishia tozo hiyo kwenye bei ya mkate wa mtu wa Mbarara na wa Gulu. Mwekezaji ana haki ya kurudisha fedha zake. Mkataba wake utamlinda kwa miongo mingi. Nani ameandika kifungu cha kumlinda mwenye baiskeli wa Lugazi na muuza nanasi wa Mukono, ambao watabaki kwenye barabara ya sasa pamoja na kila lori litakalokwepa lango?

Walio karibu na wabunge wa Wakiso, Mukono na Buikwe, naomba muwafikishie swali hilo kabla mkataba haujatiwa saini, na majibu mtakayopewa myaweke hapa kama yalivyo, pamoja na jina la ofisi iliyoyatoa.