Kamati ya harusi imeshavunjwa: salio la mpiga picha nilidai kwa nani?

Lenzi ya Mwanza

Wakuu, salaam. Ninapiga picha kwa kujitegemea hapa Mwanza, hasa harusi na sherehe za kuwaaga mabinti, na mara moja moja kazi za mashirika. Kwa kawaida huchukua nusu ya malipo siku tunapokubaliana na nusu nyingine wakati wa kukabidhi albamu. Utaratibu huu hauna shida kwa mteja wa peke yake, lakini kwenye harusi zenye kamati umekuwa ukinitesa.

Kwa sasa nina harusi iliyopita vizuri, picha nimeshazihariri na albamu imechapwa kwa fedha zangu, lakini salio halionekani. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeniita, ananielekeza kwa mhazini. Mhazini anasema kikao cha kuvunja kamati kimeshafanyika na hesabu zimefungwa. Bwana harusi naye anasema hakuwahi kunipa kazi. Wote watatu wananijibu kwa adabu kabisa, ila hakuna anayetuma hela. Makubaliano yetu yote yapo kwenye WhatsApp, hakuna karatasi.

Naomba kufahamu salio hili nilidai kwa nani, ninyi mnapanga malipo vipi, na kama ni sawa kuzishikilia picha mpaka nilipwe.

Mpiga Picha wa Sinza

Pole sana, mkuu. Tuanze na chanzo. Kamati ya harusi si kampuni wala si chama kilichosajiliwa. Ni ndugu na marafiki walioombwa kukusanya michango, na wakishavunja kamati hakuna mfuko unaobaki nyuma yao. Fedha zenyewe hutoka kwenye ahadi, na ahadi hulipwa kwa kasi kadiri siku inavyokaribia, kwa sababu mchangiaji anataka kadi yake ya kuingilia ukumbini. Sherehe ikishapita, aliyeahidi laki moja akatoa elfu hamsini haoni tena sababu ya kumalizia. Kwa hiyo anayepanga kulipwa salio baada ya sherehe anasubiri fedha ambazo mara nyingi hazikuwahi kufika kwa mhazini. Mwenye ukumbi analijua hilo, mpishi analijua, na ndiyo maana wote wawili hulipwa kabla.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawaliangalii. Katika bajeti ya kamati, kazi yetu huandikwa kwenye mstari mmoja: «Picha na video». Kiasi kinachoonekana pale ni chenu wawili, na kama mtu wa video si wa timu yako, yeye akiwahi kwa mhazini wewe unakuta mstari umeshapigwa tiki. Omba mstari wako utenganishwe mapema, na uombe uone bajeti iliyopitishwa, si ile ya kikao cha kwanza ambayo huwa ni ndoto tu.

Mimi hupokea asilimia 30 kama kishika uchumba cha tarehe, na hairudi hata sherehe ikiahirishwa, kwa sababu tarehe hiyo nimeshawanyima wengine. Sehemu kubwa inayofuata huilipisha wiki mbili kabla ya sherehe, michango inapoingia kwa wingi, na kiasi kidogo kinachobaki hulipwa siku chache kabla. Siku ya sherehe sizungumzi hela na mtu. Albamu ina bei yake peke yake, na haiendi kwa mchapaji kabla haijalipiwa. Hapo ndipo wengi wetu huumia, maana muda wako unaweza kuusamehe lakini fedha ya mchapaji imeshatoka mfukoni.

Mkataba husainiwa na bwana harusi, bibi harusi au mzazi. Kamati inaweza kulipa, lakini mteja ni yule ambaye atakuwepo hata baada ya kamati kuvunjwa.

Tahadhari ya ziada: ujumbe wa muamala unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si malipo. Angalia salio la akaunti yako mwenyewe kabla ya kuandika risiti, hasa ukumbini usiku, pale ambapo mtandao unasingiziwa kila kitu.

Mhazini Mstaafu

Naomba niseme kutoka upande wa pili, kwa kuwa nimekuwa mhazini wa kamati zaidi ya moja. Mnapodai malipo yote kabla ya sherehe, mnatuomba tuwaamini watu ambao baadhi yao wakishalipwa hutuma kijana asiyejua kazi, au hukaa na picha miezi mingi huku simu hazipokelewi. Mpishi akilipwa kabla, chakula tunakiona usiku uleule. Picha hatuzioni. Mhazini anayetoa fedha yote halafu picha zisipatikane ndiye atakayesimangwa na ukoo mzima, wala si mpiga picha.

Sipingi utaratibu wa Mpiga Picha wa Sinza, lakini mkataba utaje nani atakayepiga picha, tarehe ya kukabidhi, na kiasi kitakachorudishwa kwa kuchelewa. Mkiandika hayo, fedha itatoka mapema bila mabishano.

Mpiga Picha wa Sinza

Hoja yako nimeikubali, mhazini. Kwenye mikataba yangu huahidi picha chache zilizohaririwa ndani ya siku tatu, za kuweka kwenye simu na kuwatumia ndugu, na hizo peke yake hutuliza watu wengi. Kipengele cha kurudisha fedha kwa kuchelewa sikuwa nacho. Nadhani ni haki kiwepo, ingawa nacho kinapaswa kuwa na mpaka: mteja anayechukua wiki sita kuchagua picha za albamu asinihesabie mimi siku hizo.

Mhasibu wa Kinondoni

Niongeze kuhusu kazi za mashirika, kwa kuwa muuliza swali amezitaja. Kampuni au asasi ya hapa Tanzania inapokulipa ada ya huduma, sheria ya kodi ya mapato inaitaka ikate asilimia 5 kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Ankara ya shilingi 1,000,000 itakuletea 950,000, na hapo hujadhulumiwa. Dai cheti cha zuio, kwa sababu ile 50,000 ni kodi yako iliyokwishalipwa na itapunguzwa kwenye hesabu yako ya mwaka. Bila cheti utailipa mara ya pili. Mteja wa harusi, kwa kuwa halipi kama mfanyabiashara, hakati chochote.

Usianze kazi ya shirika bila LPO (hati rasmi ya manunuzi) au barua ya kuagiza kazi, na ankara uipeleke siku ileile ya kazi, yenye TIN yako (namba ya mlipakodi), kwa kuwa siku 30 wanazokuambia huanza kuhesabiwa pale ankara inapopokelewa masjala. Ofisa aliyekupigia simu siye anayelipa. Jua jina la mtu wa uhasibu tangu mwanzo, tena umzungumzishe kwa upole.

Picha za Pwani, Mombasa

Huku Kenya kuna mambo mawili yanayoathiri malipo moja kwa moja. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Kwa sababu hiyo sisi huandika wazi kwamba hakimiliki inabaki kwa mpiga picha na kwamba ruhusa ya kuzitumia picha huanza salio likilipwa lote. Kwa wateja wa hoteli na matangazo, sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kumpigia mtu simu mwezi mzima. La pili, tuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Wenzetu wa Tanzania wasome sheria yao kabla ya kuinakili sentensi yetu.

Lenzi ya Mwanza

Ahsanteni sana. Nimeelewa kuhusu siku zijazo, lakini deni hili lililopo bado linanisumbua. Kuna rafiki ananishauri niziweke picha mtandaoni na kuandika kwamba hazijalipiwa.

Mhasibu wa Kinondoni

Usifanye hivyo. Picha ya mtu ni taarifa binafsi, na tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 unaweza kujikuta wewe ndiye unayelalamikiwa, na deni lako likasahaulika. Kuishikilia albamu ambayo haijalipiwa ni jambo tofauti, na sioni tatizo, ila usitishie kufuta picha.

Usikate tamaa kwa kukosa karatasi. Mkataba wa mdomo unatambulika kisheria, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Hifadhi mazungumzo yote pamoja na namba za simu na tarehe, na usiibadilishe simu hiyo kwa sasa. Wa kudaiwa kwanza ni mwenyekiti aliyekuagiza. Maneno kwamba kamati imevunjwa hayamwondolei ahadi aliyoitoa. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii, tena kwa Kiswahili.

Mpiga Picha wa Sinza

Kabla ya mahakama, mkuu, jaribu njia hii. Mwandikie bibi harusi kwa heshima, umweleze kwamba albamu iko tayari na imebaki kiasi fulani, na uambatanishe picha tatu nzuri, mojawapo akiwa na mama yake. Usiwalalamikie wanakamati. Mpe nafasi ya kulipa mara mbili, nusu achukue picha zilizohaririwa, nusu ya pili achukue albamu. Mwenyekiti umtumie barua ya madai siku hiyohiyo, yenye kiasi, tarehe ya mwisho na namba ya kulipia, ili asipate la kusema kwamba hakujulishwa.

Lenzi ya Mwanza

Barua naiandika leo jioni. Ya bibi harusi nitampa dada yangu aisome kwanza, kwa kuwa anafahamiana na familia hiyo. Mhazini Mstaafu, ukiwa na mfano wa kipengele cha kuchelewa ambacho kamati zako zilikikubali, naomba ukiweke hapa.