Naomba ushauri: vipimo vya daftari la bibi

Habari zenu wakuu. Nimerithi daftari la mapishi la bibi na nataka vyakula vyake virudi mezani siku za kawaida, si sikukuu tu. Kinachonikwamisha ni vipimo. Keki yake imeandikwa "unga vikombe 3, maziwa ya kutosha, moto wa wastani", basi. Kikombe kipi? Chenyewe kilishavunjika zamani.

Nimejaribu mara tatu. Kwa kikombe cha mililita 250 ilitoka ngumu kama tofali. Nikaja kugundua kikombe hichohicho nikishindilia unga napata gramu 150 hivi, nikiujaza taratibu kwa kijiko napata kama 125, kwa hiyo sasa natumia mizani. Imelainika, lakini inabonyea katikati. Oveni naweka nyuzi 180. Mama akionja anasema "bado siyo ile", ila kimepungua nini hawezi kueleza!

Wenye uzoefu, nianze kurekebisha maziwa au moto? Na vipimo vipya mnaandika kwenye daftari lenyewe au mnanakili pembeni? Naogopa kuharibu mwandiko wake.