Ukishtakiwa kesi nzito, jina lako ulilinusuru vipi? Tupeane uzoefu

Mvuvi wa Nchi Kavu
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu ni mhasibu. Wiki hii amefikishwa mahakama ya Kisutu, Dar, kwa uhujumu uchumi, na ndani yake kuna shtaka la utakatishaji fedha. Mnaojua mnajua, utakatishaji hauna dhamana. Yeye yuko mahabusu, sisi tuko nje, na picha yake inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: la ukoo, la msikitini, hadi la wazazi wa darasa la mwanawe. Imeandikwa FISADI kwa herufi nyekundu.

Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Huku mtaani ibara hiyo haijafika. Siulizi atashindaje kesi, hiyo ni ya wakili wake. Nauliza habari ya jina. Mliopita huko, au ndugu zenu, mlifanya nini? Watu wa "pole mkuu, Mungu yupo" nawashukuru mapema.

Bwana Stoo
Nimepita. Nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja, silitaji, tukaunganishwa kadhaa kwenye hati moja ya mashtaka. Kilichoniokoa mwanzoni alikifanya mke wangu. Siku niliyokamatwa simu zilimiminika, kila anayepiga anataka kisa. Akasema msemaji awe kaka yangu mkubwa peke yake, mtu wa maneno machache, na wengine wote wajibu "muulizeni Kaka". Naye Kaka akaandika ujumbe mmoja tu:

"Ndugu, mwenzetu amefikishwa mahakamani leo kwa mashtaka mliyoyasikia. Shauri limeahirishwa, upelelezi haujakamilika. Ana wakili. Tarehe ya kutajwa tutawajulisha. Tunaomba msisambaze picha, watoto wapo shule."

Basi. Hakuna "amesingiziwa", hakuna "kuna mkono wa mtu". Wajomba walinung'unika kwamba ujumbe umepoa mno. Lakini familia ya mshtakiwa mwenzetu mmoja ilijaza magrupu ikimtaja bosi fulani kuwa ndiye mwizi halisi, na bosi huyo akaja kusimama kizimbani kama shahidi wa Jamhuri. Hebu fikiria alivyotoa ushahidi.

La pili ni hili la DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, kuondoa shauri. Lilitukuta. Tukaachiwa, ndugu wakapiga vigelegele nje ya mahakama, mtu akarusha video mbashara. Hatujafika hata barabarani, tukakamatwa tena. Video ya vigelegele na video ya pingu zikazunguka siku moja, na mtaani ikawa "walitoroka". Jamani, DPP akiondoa shauri hujashinda, linaweza kurudi. Msishangilie. Sisi mwisho wake mahakama ilituona hatuna kesi ya kujibu, na siku ile hakuna aliyechukua video.

Mama Vitenge
Mimi nina duka Kariakoo. Mume wangu alishtakiwa kwa dawa za kulevya, duka ni la majina yetu wote wawili. Wiki ya kwanza tu wanaonipa mali kwa mkopo wakataka chao chote kabla serikali haijataifisha. Nikachukua daftari la madeni nikawafuata mmoja mmoja dukani kwao, si kwa simu. "Shemeji yako yuko mahabusu Keko. Wewe unanidai milioni mbili na laki tatu. Leo nina laki tano, chukua, andika." Kesi sikuigusa. Anayetaka kujua zaidi namwambia aje mahakamani siku ya kutajwa, pale ni wazi kwa kila mtu. Hawaji.

Nilichokataa ni kubadili jina la duka. Mawifi walishinikiza kweli. Ukishusha bango wiki ya kesi, mtaa wote unajua umekiri.

Pilipili Kichaa
Hizo za fedha mna bahati. Fisadi akitoka anagombea udiwani. Kesi za wanafunzi je? Pale hata ukishinda mahakamani, mtaani umefungwa maisha.

Chaki Nyeupe
Pilipili, hiyo ndiyo yangu. Mwalimu wa sekondari, nilishtakiwa kwa kumpa mimba mwanafunzi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 kosa hilo ni miaka 30.

Dhamana nilipata, na hapo ndipo nilipopata taabu, maana aliye mahabusu haonekani, wa dhamana anaonekana kila siku akinunua nyanya. Uongozi wa kwaya nilijitoa mwenyewe kabla sijaombwa, nikabaki kukaa benchi la nyuma kama muumini. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa nilimfuata nyumbani nikiwa na mdhamini wangu, asikie kwangu kabla hajasikia kwa bodaboda. Na njia ya kwao yule binti sikuikanyaga tena. Ukitokea msiba upande ule, nazunguka.

Kila mzee aliniambia "nendeni mkayamalize kifamilia". Wakili wangu aliposikia alikuwa mkali kuliko hakimu: ukionekana kule hata na kilo ya sukari, umeingilia shahidi, dhamana inafutwa, na huko kusafisha jina usahau.

Sampuli za vinasaba zilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu yalikuja mtoto ameshaanza kutambaa. Si wangu. Nikaachiwa huru. Kazini nilirudi kwa sababu kila karatasi nilikuwa nayo: barua ya kusimamishwa, hati za nusu mshahara, tarehe zote nilizoripoti. Mtaani, nusu wananisalimia na nusu wanavuta watoto ndani. Sina la kuwafanya.

Binti Pangani
Mwalimu, heshima kwako kwa kutomtaja. Mimi nimewahi kukaa dawati la jinsia na watoto la polisi, naongea na wengine humu. Wanaume wengi wakishtakiwa hivi wanadhani jina linasafishwa kwa kumchafua mtoto: "huyo ana tabia, mtaa mzima unamjua". Tabia yake si hoja pale. Kwa aliye chini ya miaka 18 hata ridhaa haihesabiki. Unachokipata ni kesi ya pili ya mtandao juu ya ile ya kwanza. Na tusisahau kwamba wengi wanaoshtakiwa wametenda kweli. Uzi huu usije kuwa darasa la kuwanyamazisha watoto wa watu.

Msomi wa Mwendokasi
Mimi ni wakili, naandika nikiwa kwenye foleni. Jina la mtu huanza kuharibika kituoni, kabla hata gazeti halijajua. Muda wa msingi wa polisi kukuhoji ni saa 4 tangu ukamatwe, ukizidi lazima uongezwe kwa utaratibu, na una haki wakili au ndugu yako awepo. Badala yake mtu anajiona ana maelezo mazuri, anajaza kurasa za kujitetea na kutaja watu. Hayo ndiyo maelezo ya onyo. Yakipokelewa kama kielelezo yanasomwa kwa sauti mahakamani, na waandishi wa habari wamekaa benchi la mbele.

Halafu makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingia kwenye sheria zetu 2019. Wengi wametoka kwa njia hiyo. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019 akatoka Februari 2020 kwa makubaliano na kulipa fedha. Simlaumu anayesaini, gereza la Segerea si gesti. Ila ujue unachosaini ni kutiwa hatiani. Fomu ya kazi au ya visa ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani, aliyeachiwa huru anaandika hapana, wewe unaandika ndiyo.

Na mlioajiriwa sekta binafsi, acheni kujiuzulu kwa aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamzuia mwajiri kukufukuza kwa kosa lile lile lililo mahakamani mpaka shauri liishe. Barua ya kujiuzulu ukiiandika wewe, umemrahisishia kazi.

Mkulima wa Machakos
Huku Kenya mambo ni tofauti kidogo. Tangu katiba ya 2010 hata mshukiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana, labda kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kakangu alitoka kwa bondi, akahudhuria kesi akitoka nyumbani, mwishowe akaachiliwa. Shida ikaja kwa cheti cha mwenendo mwema. Kila kampuni inakitaka, naye akaenda kukichukua akapata ile kesi bado iko kwa rekodi. Ikabidi arudi kortini kutafuta nakala ya hukumu iliyopigwa muhuri, ndiyo apeleke. Sasa hiyo nakala yuko nayo kwa bahasha kila interview.

Bwana Stoo
Mkulima umegusa penyewe. Nakala ya uamuzi iliyothibitishwa iombeni siku ile ile kwa barua, karani asije akakwambia faili liko kwa hakimu, faili liko kwa taipisti. Mimi gazeti lililoniweka ukurasa wa mbele nililifuata na nakala mkononi. Mhariri alinipokea vizuri, soda juu. Wakatoa aya moja ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mnada. Niliikata nikaipiga lamination, mke wangu ananicheka mpaka leo. Lakini benki walipogoma kunikopesha, ndiyo niliyotoa pamoja na uamuzi.

Pilipili Kichaa
Si ungewashtaki hao wa gazeti ule hela?

Msomi wa Mwendokasi
Gazeti lililoripoti kwa usahihi kilichosemwa mahakamani humpati. Aliyeandika "mwizi" kabla ya hukumu, huyo unaweza kumfuata kwa kashfa, na ukomo wake ni miaka 3. Anza na barua ya kudai masahihisho. Wengine wanasahihisha kwa barua tu.

Mvuvi wa Nchi Kavu
Asanteni sana, nimechukua mengi. Usiku huu tuna kikao cha familia. Mdogo wake anataka tubandike hati ya mashtaka kwenye grupu la ukoo watu waone wenyewe kwamba mashtaka ni ya kuchekesha.

Msomi wa Mwendokasi
Msibandike. Ina majina ya washtakiwa wengine na kiasi cha fedha, na kiasi hicho ndicho watu watakachokumbuka. Kesi inatajwa lini?

Mvuvi wa Nchi Kavu
Wiki ijayo, Alhamisi.

Msomi wa Mwendokasi
Nendeni wachache. Siku moja kabla mpelekeeni shati safi la mikono mirefu, kamera zinamngoja akishuka kwenye karandinga. Na fulana zenye picha yake hapana kabisa.

Mvuvi wa Nchi Kavu
Shati dada yake ameshapeleka. Fulana ndiyo tatizo, zimeshachapwa.